Kumwombea ndugu mwenye ulemavu wa ukuaji nafasi kwenye nyumba ya kikundi Marekani: mwongozo kamili

Keswoka, yaani ofisa anayeshughulikia faili la familia, anauliza: "Anaoga mwenyewe?" Baba anajibu haraka, "Ndiyo, anaoga." Mimi mkalimani natafsiri hivyo hivyo, maana mkalimani haruhusiwi kuongeza neno lake. Alama inawekwa kwenye kompyuta, linakuja swali jingine. Miezi mitatu baadaye barua inafika: ombi limekataliwa.

Nilipokutana tena na baba yule alikuwa amekasirika. Nikamuuliza kijana anaogaje. "Mimi nafungua maji, napima joto, namtia sabuni mkononi. Halafu nasimama mlangoni: sasa mgongo, sasa miguu. Nikiondoka atasimama tu pale mpaka maji yapoe." Kijana ana miaka 24. Maneno hayo ndiyo yaliyotakiwa kwenye faili, na hayakuwemo.

Kosa hili nimeliona mara nyingi, kwa sura tofauti, hadi nimeamua kuandika hapa kile nisichoweza kusema nikiwa kazini. Nafasi kwenye nyumba ya kikundi, au grupu homu kama wengi wetu tunavyoiita, yaani nyumba ambamo watu wenye ulemavu huishi pamoja na kuhudumiwa, haipatikani kwa kuonewa huruma wala kwa kumbembeleza keswoka. Inatolewa kwa hitaji lililoandikwa, lenye tarehe. Hatua zote zilizo hapa chini zina kazi hiyo moja.

Majina ya ofisi na fomu hubadilika jimbo hadi jimbo. Msingi ni ule ule, kwa sababu fedha nyingi hupitia Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato kidogo, na masharti makuu ya Medicaid ni ya shirikisho.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

Usianze kupiga simu kabla ya kukusanya hivi:

- Ripoti ya mwanasaikolojia au daktari yenye jina la ulemavu na matokeo ya vipimo vya akili na vya uwezo wa maisha ya kila siku.
- Karatasi zote za shule, hasa IEP, yaani mpango wa elimu maalumu.
- Ushahidi kwamba ulemavu ulianza utotoni.
- Kadi ya Medicaid, barua ya SSI (malipo ya kila mwezi ya serikali kwa mwenye ulemavu asiye na kipato cha kutosha), na karatasi za uhamiaji.
- Orodha ya dawa: jina, kipimo, saa.
- Daftari jipya. Kazi yake iko kwenye hatua ya 4.
- Faili moja la kuweka kila barua pamoja na bahasha yake. Bahasha ina muhuri wa tarehe, na tarehe hiyo inaweza kukuokoa kwenye rufaa.

## Hatua ya 1: Thibitisha kwamba ulemavu ulianza mapema

Sheria ya shirikisho inauelezea ulemavu wa ukuaji hivi: ulianza kabla mtu hajatimiza miaka 22, unatarajiwa kuendelea bila kikomo, na unambana sana katika mambo matatu au zaidi kati ya saba: kujihudumia, kuelewa na kuzungumza, kujifunza, kutembea, kujiamulia, kuishi kwa kujitegemea, na kujitegemea kiuchumi. Majimbo yana vipimo vyao pia. California, kwa mfano, inataka uwe ulianza kabla ya miaka 18.

Jina la ugonjwa peke yake halitoshi. Usonji, mtindio wa ubongo, kifafa, ulemavu wa akili: vyote vinafungua mlango, lakini ofisi itauliza vinamzuia kufanya nini.

Kwa familia zilizopitia kambi za wakimbizi kama Nyarugusu au Kakuma, ugumu upo hapa. Kijana amefika Marekani ana miaka 19, hana hata karatasi moja ya utotoni. Anza na rekodi za uchunguzi wa afya uliofanywa kabla ya safari. Mara nyingi daktari aliandika kitu. Kisha tafuta watu wazima wawili waliomjua akiwa mdogo, waandike hati za kiapo: alianza kutembea na umri gani, alisema neno la kwanza lini, alianguka kifafa mara ngapi. "Alikuwa mgonjwa tangu zamani" haisaidii. "Alipokuwa na miaka minane alikuwa bado hawezi kufunga vifungo vya shati" inasaidia sana.

Kama bado yuko shule, omba kwa maandishi tathmini kamili mpya kabla hajamaliza. Shule inaifanya bila malipo. Akishatoka, tathmini hiyo hiyo huenda ukailipia mwenyewe.

Tahadhari mbili. Wengi wetu tuliandikiwa kuzaliwa tarehe 1 Januari. Hata kama unajua si kweli, usibadilishe umri kwenye fomu hii peke yake. Karatasi zikipingana, ombi husimama. Ya pili: ripoti ikisema matatizo yote yametokana na majeraha ya vita, ofisi ya ulemavu wa ukuaji itakusukuma kwenye afya ya akili, na kule watakurudisha. Mwombe mwanasaikolojia aandike wazi ni nini kilikuwepo kabla.

Umefanikiwa ukipata barua inayosema ndugu yako anastahili huduma za ulemavu wa ukuaji. Hiyo bado si nafasi ya nyumba. Wengi hushangilia hapa na kukaa kusubiri.

## Hatua ya 2: Weka SSI na Medicaid sawa

Akifikisha miaka 18, Social Security, ofisi inayotoa SSI, huacha kuhesabu kipato cha wazazi. Kijana aliyekataliwa SSI akiwa na miaka 15 kwa sababu baba anafanya kazi viwanda viwili anaweza kukubaliwa akiomba upya. Watu hawaombi tena, wanasema "walishatukatalia".

Mali zake zinazohesabika zisizidi dola 2,000. Shangazi akimtumia dola 3,000 na zikalala kwenye akaunti yake, SSI inaweza kusimama. Akaunti ya ABLE, ambayo ni ya watu wenye ulemavu, ni njia halali ya kuweka akiba: hadi dola 100,000 zilizomo hazihesabiwi kwa SSI.

Kwa wakimbizi kuna saa inayokimbia. SSI ya mkimbizi kwa kawaida ina kikomo cha miaka saba, isipokuwa awe raia. Mtu asiyeweza kujifunza Kiingereza au maswali ya uraia kwa sababu ya ulemavu anaweza kusamehewa mtihani huo kwa fomu ya N-648, inayojazwa na daktari au mwanasaikolojia wa kliniki. Usingoje mwaka wa saba. Na kama ndugu yako ni mkimbizi ambaye bado hana grinkadi (kadi ya ukaazi wa kudumu), muone mwanasheria wa uhamiaji sasa: sheria iliyosainiwa Julai 2025 inabana Medicaid kwa kundi hilo kuanzia 1 Oktoba 2026.

## Hatua ya 3: Ingia kwenye foleni leo

Malipo ya nyumba ya kikundi mara nyingi hutoka kwenye mpango wa Medicaid ambao watu huuita weiva. Jimbo linaruhusiwa kuweka ukomo wa idadi ya watu kwenye weiva, ndiyo maana kuna foleni. Texas watu husubiri miaka mingi. Illinois na Pennsylvania orodha inaitwa PUNS; ya Pennsylvania inapanga watu kwa uharaka wa hitaji. California unaanzia kwenye mojawapo ya vituo 21 vya kanda, New York kwenye ofisi iitwayo OPWDD.

Kupiga simu na kuulizia si kuomba. Nimekutana na mama aliyeamini yuko kwenye foleni kwa miaka minne. Alichokuwa nacho ni namba ya simu ya mtu aliyeshaacha kazi. Omba barua au karatasi iliyochapwa yenye jina la ndugu yako na tarehe aliyoingia. Bila hiyo, hesabu kwamba hujaomba.

Uliza pia kama jimbo lako lina vituo vya ICF, yaani vituo vya kuishi na kuhudumiwa vinavyolipiwa na Medicaid, kwa watu wenye ulemavu wa akili. Hivyo havina ukomo wa nafasi wa kisheria kama weiva, ingawa vingi ni vikubwa na vina ratiba kali zaidi. Binafsi sivipendelei, lakini kwa familia iliyozidiwa ni vema kujua vipo.

Baada ya hapo kazi yako ni kutoa taarifa kila hali inapobadilika. Mama amefanyiwa upasuaji wa mgongo, kaka aliyekuwa anasaidia usiku amehamia jimbo jingine, ndugu mwenyewe ametoka nje usiku akapatikana barabarani: yote yapelekwe kwa maandishi wiki hiyo hiyo. Mabadiliko kama hayo ndiyo yanayompandisha mtu kwenye daraja la dharura. Na ukihama nyumba, badilisha anwani kwanza kabla ya kupanga fanicha. Barua iliyorudi posta huondoa watu kwenye foleni.

## Hatua ya 4: Tathmini, mahali tunapoanguka

Kama utasoma hatua moja tu, soma hii.

Mtu atakuja kumpima ndugu yako kwa maswali mengi. Baadhi ya majimbo hutumia kipimo kiitwacho SIS, mengine ICAP, mengine cha kwao. SIS inauliza mambo matatu kwa kila kazi: anahitaji msaada mara ngapi, kwa muda gani kwa siku, na msaada wa aina gani, kuanzia kumwangalia tu hadi kumfanyia kila kitu. Angalia: haiulizi anaweza au hawezi. "Anaweza" ni jibu la swali ambalo halikuulizwa.

Sisi tumekuzwa kujibu "hajambo". Mgeni akiuliza habari za mgonjwa tunasema "tunamshukuru Mungu, anaendelea vizuri", hata kama usiku mzima hatukulala. Ni heshima, na nje ya chumba hiki usiiache. Ndani yake inakugharimu. Wengine wanaona aibu kumwaga mambo ya ndani mbele ya mwenyewe. Basi omba sehemu ya mazungumzo ifanyike bila yeye kuwepo, ni ombi la kawaida.

Daftari la siku 14. Wiki mbili kabla ya tathmini, andika kila msaada unaotolewa, na nani, kwa muda gani. Mfano:

*Jumanne, 2:00 AM. Ameamka, amefungua jiko la gesi. Mama ameamka, amezima, amekaa naye mpaka 3:40 AM.*
*Jumanne, 7:15 AM. Kupiga mswaki. Kaka amemkumbusha mara sita, ameshika mkono wake mwisho. Dakika 20.*

Umeona nilivyoandika saa? Si bahati mbaya. Daftari moja nililowahi kuona lilikuwa limejaa "saa nane usiku ametoka nje". Mtoto wa shule ndiye aliyelitafsiri kwa keswoka, akaandika saa nane usiku kwa namba ya Kimarekani, yaani 8:00 PM. Kwa msomaji ikawa ni kijana anayetoka nje baada ya chakula cha jioni, jambo la kawaida kabisa. Kumbe ni saa nane za usiku wa manane. Tofauti hiyo ya saa sita ndiyo inayoamua kama atapewa mhudumu anayekesha au anayelala. Andika kwa saa za Marekani tangu mwanzo.

Neno "mtoto" nalo liangalie. Ukisema "mtoto wangu" kwa mtu wa miaka 31, linaweza kuandikwa kama mtoto mdogo na simu yako ikapelekwa idara ya watoto. Sema umri wake kila mara.

Mkalimani ni haki yako bila malipo. Ofisi zinazopokea fedha za shirikisho zinabanwa na Kifungu cha VI cha Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Mwombe unapopanga miadi, taja Kiswahili, na kama nyumbani mnasema Kiswahili cha Kongo, taja pia. Usikubali binti yako wa miaka 13 atafsiri habari za kaka yake za chooni. Mkalimani akipotea njia, msimamishe: "Sikusema hivyo, nirudie."

Eleza siku mbaya, si siku nzuri peke yake. Wala usizidishe, daftari likipingana na rekodi ya daktari, unapoteza kila kitu.

Umefanikiwa ukipata nakala ya matokeo na ukayatambua maisha ya nyumbani kwako ndani yake. Iombe. Kama kuna kosa, andika marekebisho na utake yawekwe kwenye faili.

## Hatua ya 5: Omba makazi kwa jina lake

Kwenye kikao cha mpango wa huduma, familia husema "tunahitaji msaada". Wanapewa saa chache za mtu wa kuja nyumbani, na kikao kinaisha. Kama unataka nyumba ya kikundi, sema: "Tunaomba huduma ya makazi, na tunaomba ombi hili liandikwe kwenye mpango leo." Likikataliwa utakuwa na kitu cha kukatia rufaa. Lisipoandikwa, hukukataliwa chochote.

Mwenye ulemavu ndiye anayeamua kwanza, kadiri anavyoweza. Mzazi hawi mlezi wa kisheria moja kwa moja mtu akishafika 18. Kabla ya kukimbilia mahakamani kuomba ulezi, ulizia njia nyepesi, kama makubaliano ya kusaidiwa kuamua, ambayo Texas iliyaweka kwenye sheria mwaka 2015 na majimbo mengine yakafuata. Ulezi kamili unamwondolea mtu haki nyingi, na kuurudisha nyuma ni kazi.

Mpango unatakiwa uonyeshe chaguzi alizopewa, ikiwemo mahali pasipo pa watu wenye ulemavu pekee. Na kwa kawaida kampuni itakayotoa huduma haitakiwi kuwa ndiyo inayoandika mpango.

Usisaini usichokisoma. "Nitasaini baada ya kupata tafsiri" ni jibu halali.

## Hatua ya 6: Kagua nyumba kabla ya kukubali

Nenda mara mbili: mara moja kwa miadi, ya pili jioni wakati wa chakula. Kwenye miadi utaonyeshwa sofa mpya. Jioni utaona wafanyakazi wangapi wapo, nani anapika, na kama wanaongea na wakazi au na simu zao.

Tangu 2014 kanuni za shirikisho za nyumba zinazolipiwa na weiva zinasema mkazi awe na:

- mkataba wa kupanga, au makubaliano yenye ulinzi kama wa mpangaji;
- faragha, na mlango unaofungika, funguo nyingine kwa wafanyakazi wanaohusika tu;
- nafasi ya kuchagua wa kulala naye chumba kimoja, kama ni cha pamoja;
- chakula na wageni wakati wowote, na ratiba yake mwenyewe.

Ukiona kufuli kwenye friji, uliza ni kwa ajili ya nani. Kizuizi cha namna hiyo kinaruhusiwa tu kwa mtu mwenye hitaji lililopimwa, kikiwa kimeandikwa kwenye mpango wake, kina muda, na ameridhia. "Ni sheria ya nyumba" si jibu. Ukisikia wageni ni Jumapili saa fulani tu, hapo pia uliza.

Omba ripoti za ukaguzi za jimbo. Uliza kuhusu mhudumu wa usiku: anakesha au analala? Uliza pia kuhusu ibada na nyama asizokula, na majibu yaingie kwenye mpango, yasibaki kuwa ahadi ya meneja.

## Hatua ya 7: Ukikataliwa

Soma tarehe kabla ya kusoma sababu. Muda wa kuomba kikao cha rufaa ya Medicaid hutajwa kwenye barua. Kwa kawaida hauzidi siku 90 tangu barua ilipotumwa, na jimbo linaweza kuweka pungufu. Kama wanakata au wanapunguza huduma anayopata tayari, kwa kawaida watatoa notisi ya siku 10. Ukiomba rufaa kabla ya tarehe ya kukatwa, huduma inaweza kuendelea mpaka uamuzi, ila ukishindwa huenda ukadaiwa gharama.

Barua fupi inatosha: "Sikubaliani na uamuzi wa tarehe hii. Naomba kikao cha rufaa na mkalimani wa Kiswahili." Saini, nakala, risiti ya posta. Hoja utazipeleka baadaye.

Kisha piga simu kwa shirika la kutetea haki za watu wenye ulemavu. Kila jimbo lina moja kwa mujibu wa sheria ya shirikisho, na halitozi malipo. Wataijua kesi ya Olmstead ya 1999, ambayo Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kumfungia mtu kwenye taasisi bila sababu, wakati anaweza na anataka kuishi kwenye jamii, ni ubaguzi.

Ukimya nao unakatiwa rufaa. Ombi la Medicaid kwa sababu ya ulemavu linatakiwa kujibiwa ndani ya siku 90.

## Hatua ya 8: Kuhamia na miezi ya kwanza

Weiva inalipa wahudumu. Kodi na chakula hutoka kwenye SSI yake, ambayo mwaka 2025 kiwango cha juu cha shirikisho kwa mtu mmoja kilikuwa dola 967 kwa mwezi. Atabakiwa na kiasi kidogo cha matumizi binafsi. Omba kuona hesabu yake kila mwezi. Kama familia inaweza kuwa msimamizi wa malipo yake, ni afadhali kuliko kuiachia kampuni.

Bandika ukutani karatasi moja ya maneno anayotumia, kama yanavyosikika: *maji*, *choo*, *naumwa*, *sitaki*, na ishara zake. Kuna dada alikaa siku nne akisema "naumwa" huku wafanyakazi wakidhani ni jina la mtu. Lilikuwa jino.

Tembelea bila kutoa taarifa kwanza. Angalia uzito, ngozi, nguo kama ni zake, na namna anavyomtazama mhudumu anapoingia. Ukiona alama usizozielewa, piga picha, andika tarehe, ripoti kwa idara ya kulinda watu wazima ya jimbo. Hatari ya papo hapo ni 911.

Mpango hupitiwa upya angalau mara moja kila miezi 12, na ustahiki wake nao hupimwa tena. Weka tarehe hiyo kwenye simu, na kengele nyingine wiki tatu kabla yake. Kengele hiyo ni ya kuwaomba wahudumu waanze daftari jipya la siku 14, kwa saa za Marekani.